Mtoto Alipangiwa Tarehe Ishirini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira tangu asubuhi. Mimi ndiye mwalimu wa ratiba. Madarasa kumi na manne, walimu ishirini na sita, hakuna anayegongana na mwenzake. Nyumbani kwangu watu wanne hawapangiki!

Safari ya bustani ya michezo imeahirishwa mara mbili. Kwanza kichefuchefu cha mke wangu. Halafu miguu yake ikavimba. Sasa basi. Jumamosi hii, tarehe nane, tunakwenda. Mtoto anazaliwa tarehe ishirini na tisa, kliniki wenyewe wameandika kwenye kadi. Wiki tatu katikati, nafasi tele. Nimechora ratiba kwenye karatasi ya manila, safari kwa kijani, mtoto kwa nyekundu, nikaibandika mlangoni sebuleni.

Binti yangu wa miaka saba ameikariri. Kwanza bustani, halafu mtoto. Amefikisha sentimita mia na ishirini, kipimo cha kupanda ile treni inayopanda juu na kushuka kwa kasi. Nimemwahidi kiti cha mbele, yeye na mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsindikiza mke wangu kliniki. Nilibeba nakala ya ratiba ili mkunga aweke sahihi. Aliisoma yote. Akasema ni nzuri sana, ila watoto hawasikii kengele. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuona cha kuchekesha.

Mkunga kasema pia kwamba saa nne nzima kwenye basi si safari ya mimba ya wiki hizo. Nikamuuliza kama amewahi kupangia ratiba watoto mia sita. Akamwita anayefuata.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu katoa wazo. Niende na binti yetu, wawili tu, yeye abaki na mama yake. Nimekataa. Ratiba inasema familia.

Na kuna jambo la mwanyumba wangu. Huyu kaoa dada wa mke wangu, na tangu hapo hajanipa pumzi. Mwezi uliopita alipeleka watu wake bustanini, akatuma picha kumi na nane kwenye kundi la familia. Kumi na nane! Zote wamesimama mstari mmoja, wameshikana mabega. Nikienda na mtoto mmoja nitaonekana mjane.

Mama mkwe, anayeishi nasi mpaka mjukuu azaliwe, kasikiliza yote. Kisha kachukua simu, kaenda jikoni, kafunga mlango. Nilisikia anataja jina la mwanyumba. Kumbe mwanyumba anajitolea gari lake, eti litasimama tayari kwa lolote. Nikasema tuna tiketi za basi, asante.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi. Mke wangu kakubali. Si kwa ajili yangu, kasisitiza, ni kwa ajili ya binti yetu aliyelala na viatu miguuni. Atakaa kwenye benchi, hatapanda chochote. Sharti lake moja: nisitamke neno ratiba mbele yake hadi Jumapili. Nimekubali. Sasa nasema "mpangilio".

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na moja jioni, mabegi yako mlangoni, mke wangu kashika kiuno na meza. Nikamwambia ni uchovu. Akaniambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kisha jambo baya kuliko yote. Binti yangu kasimama mlangoni, kanyoosha mikono, kaziba njia. Analia. Mama asitoke, mtoto asubiri, bustani ni kesho, Baba alisema. Kaelekeza kidole kwenye karatasi yangu. Kijani, halafu nyekundu. Wote wakanitazama. Ilibidi nimnyanyue mwanangu kwa nguvu, naye akanipiga ngumi za shingo hadi nje.

Nilipigia simu teksi mbili, hakuna iliyopatikana. Mwanyumba alifika kwa dakika kumi. Hata hakuuliza njia ya hospitali.

Jumamosi, 8 Machi

Mvulana, saa mbili asubuhi, kilo tatu kasoro. Mama yake mzima. Siku ishirini na moja kabla ya wakati wake, na hana hata aibu, analala.

Tiketi zilikuwa za leo tu. Mwanyumba aliniomba kwa upole nimpe, ampeleke binti yangu, apoe. Nilimpa. Ningefanyaje? Saa saba picha ikaingia. Binti yangu kiti cha mbele, mikono juu, mdomo wazi. Pembeni yake mwanyumba, kavaa kofia yangu, kafumba macho kwa woga.

Nilikuwa kwenye ukumbi wa wodi na chupa ya chai. Niliumia. Kile kiti kilikuwa changu. Nilikuwa na siku nzima ya kwenda naye, wawili tu, mwezi uliopita, au juzi juzi tu. Nikataka picha ya mstari mmoja.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu na kichanga wamerudi nyumbani. Mkunga aliniaga kwa kuniuliza kama kengele imelia. Mwanamke yule ana kinyongo.

Nimetulia, nimefikiri. Kosa halikuwa ratiba. Kosa lilikuwa kuacha nafasi ndogo. Kichanga ananyonya kila baada ya saa tatu, nimempima siku mbili. Foleni ya treni ni dakika arobaini. Inaingia! Jumamosi tarehe ishirini na tisa, siku ambayo kwa vyovyote tulikuwa tumeitenga. Manila mpya, kijani kwa safari, bluu kwa kunyonya. Mke wangu bado hajaamka kuiona.

Nimemwita binti yangu, nimemwahidi upya, kiti cha mbele, yeye na mimi. Aliisoma karatasi muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mdogo wake ameambiwa.

Nimemjibu kwamba imebandikwa pale pale, na kila mtu humu ndani ana macho.