Kunoa Ramani ya Mabomba

Jumatatu, 3 Machi
Mafundi wa maji wamelalamika tena. Ramani kwenye tableti zao, iliyoungwa kwa picha za angani, ina ukungu. Wakiikuza wanaona uji. Fundi mkubwa anasema wiki iliyopita walitafuta mfuniko wa chemba nusu siku, kumbe wameukanyaga. Mkuu wa kitengo ametuita, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Mkuu anasafiri miezi sita. Atakayesafisha picha kufikia Ijumaa atakaimu nafasi yake. Kiti kile kinazunguka! Miwani akasema ramani yetu imekatwa vipande vidogo mno kwa skrini za siku hizi, vikivutwa vinafifia. Tuvikate upya kutoka picha za awali. Kazi ya siku nne. Siku nne! Mimi nina kitufe kimoja. Kimeandikwa "Noa".

Jumanne, 4 Machi
Nimenoa. Picha ikapendeza. Nikajiuliza, kizuri kwa nini kiishie mara moja? Nikanoa mara saba. Mabati yanametameta, vivuli vimekolea kama wino, kamba za nguo zinahesabika. Miwani akapita, akachungulia. Akasema kunoa hakuongezi kitu ambacho kamera haikukiona. Kunakoleza kingo tu, hata za vivuli. Nikamwambia wivu hauna dawa. Akarudi mezani kwake kukata vipande. Kobe.

Jumatano, 5 Machi
Vipande vyangu viko kwenye tableti za mafundi. Mkuu hajui. Zawadi haitangazwi. Fundi mkubwa akapiga simu kusema sasa anaona hadi kuku.
Jioni nikampelekea mama mkwe picha ya nyumba yake. Hajanisifu tangu harusi. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini bati lake lina kutu kuliko la jirani. Nikamweleza kwamba huo ndio ubora, mama. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Bomba limevuja mtaani kwa mama mkwe. Mafundi wakafungua ramani watafute chemba, wafunge maji. Wakaona duara jeusi, kali, nyuma ya jiko lake. Wakachimba. Mita moja na nusu. Patupu. Lilikuwa beseni la kufulia, lililofudikizwa uani siku picha ilipopigwa. Wakafuata mstari mweusi ulionyooka hadi barabarani. Kivuli cha kamba ya nguo! Mwisho wa mstari wakalipata bomba kubwa. Kwa sururu.
Mtaa mzima hauna maji. Mama mkwe amehamia kwetu na mabegi matatu. Mlangoni amesema neno moja tu: "Mkwe wangu, ubora nimeuona."

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu akauliza nani aliruhusu vipande vile vitumwe. Nikamweleza kwamba ramani haina kosa, kosa ni la beseni. Hakucheka. Wala sikuwa natania.
Miwani akaonyesha vyake. Havimetameti. Vimetulia, vya kijivujivu. Ila mfuniko wa chemba ulionekana pale ulipo, ng'ambo ya barabara, kando ya ukuta. Jana jioni mafundi waliufikia kwa vipande hivyo, wakafunga maji, wakaziba. Fundi mkubwa akampa mkono mbele ya wakurugenzi. Mimi akanipa mgongo.
Kaimu ni Miwani. Baadaye akaja mezani kwangu, akaniambia kwa upole kwamba kunoa si kubaya, mtu akinoa kidogo tu, mara moja, kabla ya kukata. Nimeupokea msamaha wake.
Nyumbani nikamkuta mke wangu akimjazia mama yake ndoo ya kuoga. Hakuniuliza kama nimepata au nimekosa. Akanipa ndoo nyingine.

Jumatatu, 10 Machi
Kaimu amenipa kazi. Nikague vipande vyote, elfu nne na ushee, niandike vyenye kasoro, nisiguse kitu. Amelirudia hilo mara mbili: nisiguse kitu. Ananijali.
Kipande cha mia moja na kumi kina wingu. Wingu jeupe, zito, limeukalia mtaa kama kuku anayeatamia. Kuandika "wingu" kwenye fomu ni kazi ya karani. Mtu wa taaluma hutatua. Nikachukua nyumba kumi na mbili kutoka kipande cha pembeni, nikazibandika juu yake. Zimekaa ajabu! Barabara imeungana yenyewe. Chini ya wingu kulikuwa na nini, sijui. Sasa kuna mtaa safi kabisa. Nikautuma.
Saa sita fundi mkubwa akapiga simu. Kuna bomba linavuja upande huo huo, wako njiani, ramani imependeza, je, waanze kuchimba kwenye nyumba ipi?
Nimewaambia ya tatu kutoka kushoto.