Muuza Suspension wa Butembo

Asubuhi ile roulage, polisi wa barabarani, walipofunga barabara katikati ya Butembo, kila motard wa pikipiki asiye na permis, yaani leseni, alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Walioshindwa kugeuza walinyang'anywa pikipiki. Mmoja tu alipita: Lusenge, ambaye permis yake ilikuwa imesimamishwa miezi mitatu kwa kugonga kibanda cha muuza makaa. Alitoa karatasi yake ya suspension, polisi akaisoma, akamrudishia na kusema, "Pita, papa."

Malachie alikuwa ameegemea ukuta wa duka la simu, anatafuna muwa. Aliiona karatasi. Aliiona heshima. Kwamba Lusenge alikuwa anaisukuma pikipiki kwa mikono, injini kimya, jasho linamtiririka, hilo nalo aliliona, lakini aliliweka pembeni. Biashara nzuri haipendi maelezo mengi.

Huyu Malachie alijiita Maître, kama mawakili. Alisoma sheria mwaka mmoja, akatoka na tai na mkoba. Ndani ya mkoba mlikaa mhuri aliouchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili, na ulikuwa mhuri mzuri, tusimnyime haki yake. Kitu kimoja tu alichokuwa nacho kilikuwa halali kabisa: permis yake ya kuendesha gari na pikipiki. Aliifanyia mtihani, akafaulu, na sasa ilikuwa imempatia kazi ya udereva kwenye mradi mmoja wa afya huko Beni, kuanzia Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kazi hiyo ndiyo iliyomlainisha baba yake Emérence, msichana aliyetaka kumwoa; mzee huyo, katekista mkali, alikuwa ameapa kwamba mwanawe haolewi na mtu anayeishi kwa mdomo. Ilibaki mahari tu: mbuzi kumi na wawili. Malachie alikuwa na mbuzi sifuri.

Mchana huohuo alisimama kwenye parking ya motard.

"Bandugu, mutu ya kukufa, banamupeaka congé, likizo ya ugonjwa?"

"Hapana!"

"Mutu hana bibi, anaweza kufukuza bibi?"

"Hapana!"

"Donc mutu mwenye permis yake iko suspendue, iko na permis ao hana?"

Motard walitazamana. "Iko nayo!"

"Njo vile! Na roulage hawezi kukamata permis yenye iko tayari mu bureau ya polisi. Mi naandika attestation, karatasi ya suspension, mhuri juu, saini chini. Motard ine banachanga mbuzi moja."

Zacharie, mzee kuliko wote pale, aliinua mkono. "Na kuendesha? Mwenye suspension anaweza kuendesha?"

"Ile ni question ingine, papa," alisema Malachie, akamwandikia ya kwake.

Kufikia Alhamisi, nyuma ya nyumba yake walikuwa wamefungwa mbuzi wanane. Wanne tu walibaki, na ndipo akaingia Mama Katungu.

Mama Katungu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu na viazi kutoka Masereka, mwenye pikipiki nane, au moto kama alivyoziita, na motard wanane wa kuzitembeza. Alimkuta Malachie kwenye meza aliyoazima kwa mpiga fotokopi.

"Wavukire, Maître. Minasikia unauzisha suspension. Batoto yangu ya moto beko munane. Nitakupa mbuzi ine."

Malachie alimeza mate. Nane na nne, hata mtu aliyesoma sheria anaweza kujumlisha.

"Mais," mama akaendelea, "kwetu mwenye analeta kasiksi njo anaonjaka wa kwanza, bageni baone hakuna sumu."

"Mama, ile ni ya pombe."

"Hata ya karatasi. Andika ya jina yako. Kesho tunaenda Beni na moto yangu, weye unaendesha, mi nakaa nyuma. Tukipita barrière, mbuzi ine ni yako."

Malachie alitafakari kwa muda wa kupenga kamasi. Permis halisi angeiweka mfukoni; kwenye barrière, kizuizi cha polisi, angetoa hiyo kimyakimya, na mama angeona tu polisi akipunga mkono. Akajiandikia attestation. Miezi mitatu ilionekana ya kimaskini kwa mtu wa hadhi yake, akajipa sita. Akapiga mhuri kwa nguvu, na mama akaikagua, akairudisha na kumwambia aiweke mfuko wa shati, mahali inapoonekana.

Ijumaa waliteremka kuelekea Beni, upepo mzuri, Malachie akiimba. Kwenye barrière ya kuingia mjini alisimama polisi mmoja mwanamke, Chef Falonne, mtu wa maneno machache. Malachie alipeleka mkono kwenye mfuko wa suruali. Mkono wa Mama Katungu, uliozoea kuwahi viazi vizuri kabla ya wateja wengine, ulifika shati kwanza.

"Karatasi yake ni hii, chef," alisema, akaitoa kwa mikono miwili.

Falonne aliisoma. Akaisoma tena. "Zima moteur. Suspendu, maana yake nini?"

"Maana yake permis iko, chef. Haikufa."

"Iko, haikufa. Imelala mpaka tarehe yenye balikuandikia, kisha utaamuka nayo. Mais wakati inalala, weye hapana kuendesha hata metre moja. Mwenye hana permis anaweza kuniambia hakujua. Weye, karatasi mu mfuko yako inasema unajua. Njo mubaya kupita."

Malachie alichomoa permis yake halisi. "Chef, angalia! Haina suspension! Iko nzima!"

"Ah. Donc hii attestation ni ya uongo." Falonne aliinusa. "Mhuri inanukia kandambili. Nani aliitengeneza?"

Hapo ndipo mwaka mmoja wa sheria ulipomfaa Malachie kwa mara ya kwanza, maana alielewa vizuri kabisa mahali alipo. Karatasi ikiwa ya kweli, hana haki ya kuendesha. Ikiwa ya uongo, kuna mtu anaenda gerezani, na mtu huyo amevaa tai. Alimwona Emérence, akawaona mbuzi, akaliona gari la Jumatatu. Machozi yakamlenga, machozi halali kama permis yenyewe.

"Ni ya kweli, chef," alinong'ona.

"Bon. Permis yenye iko suspendue inakaaka bureau. Leta. Utakuja kuitwala kisha miezi sita."

Mama Katungu alishuka, akaonyesha permis yake mwenyewe, akashika usukani.

"Mama, na mbuzi?"

"Nilisema tukipita. Weye hukupita." Akawasha moteur. "Unajua Lusenge? Ni ndugu yangu, tumbo moja. Ile kazi ya mradi alikuwa wa kwanza ku liste. Balimukatala juu ya suspension, balitwala weye. Yake inaisha kesho, na Jumatatu beko na lazima ya chauffeur. Panda nyuma. Abiria habaombwake permis."

Aligeuza pikipiki, lakini hakumpeleka nyumbani. Alimshusha kwenye parking ya Butembo, mbele ya motard thelathini na wawili. Watano kati yao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa pikipiki pamoja na attestation zao, na wengine walikuwa wamekwisha kwenda kuwafungua mbuzi. Zacharie alisogea mbele, ameshika kamba ya beberu.

"Maître, nilikuuliza, hukunijibu. Mwenye suspension anaweza kuendesha?"

"Hapana, papa," alisema Malachie.

"Leo unajua aje?"

Malachie alitazama viatu vyake, vyekundu kwa vumbi la barabara ya Beni.

"Juu permis yangu pia iko suspendue."