Macho Yote Mbili ya Polycarpe

Mimi ninasema wazi: kutoka Mushaki mpaka kule misituni Walikale, hakukuwa na mwanaume aliyejua kulenga bunduki kama Polycarpe wa Nyamitaba. Kwa mdomo, lakini. Kwa mdomo huyo bwana aliangusha nyati!

Mwaka wa 1968 alirudi kutoka kambi ya Mubambiro, kofia imelalia sikio. Kazi aliyoifanya huko ilikuwa kumenya viazi vya askari, ila habari ya viazi tuliipata baadaye sana. Yeye alituletea habari ya macho.

"Ninyi balimaji mukilenga munafunga jicho moja," alikuwa anatuambia kila tukipumzika palizi ya maharagi. "Ni bujinga! Mungu alikupa macho mbili, unaacha moja ilale? Fundi wa kweli analenga macho yote mbili wazi! Moja inaangalia bunduki, ingine inaangalia adui."

"Na adui akitokea nyuma?" Mama Généreuse akauliza, jembe mkononi.

"Mama, mambo ya kambi hauwezi kuelewa."

Basi, tukachoka naye! Hata salamu alikuwa anaitoa macho yamemtoka, watoto wa jirani wakawa wanamkimbia.

Sasa, bwana huyo alimpenda Victorine wa Mushaki. Alimpenda kweli, hapo simtanii. Alikonda mpaka kofia ikawa inamzunguka kichwani. Taabu ilikuwa baba ya binti, Papa Hilaire, mwindaji wa Walikale aliyepanda milima yetu kufuata mke na asirudi. Mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa haya: "Binti yangu sitamupa mutu wa bongo, mwenye kusema uongo. Masikini, atatafuta, atapata. Lakini mutu wa bongo akikuambia amepata, utajua namna gani?"

Na kwetu posa ina kanuni yake. Unapeleka kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, mdomo umezibwa na jani la mgomba. Kinawekwa mlangoni. Baba ya binti akitoa lile jani, umepata mke. Akikurudishia kibuyu vile kilivyo, shika njia ya kwenu, mchana kweupe, na watu wote wa barabarani wakione.

Siku ikafika. Baba mdogo wa Polycarpe, Léonard, alibeba kibuyu kutoka Nyamitaba, akakiweka mlangoni, akapangusa jasho. Papa Hilaire akakitazama, hakukigusa. Akaingia ndani, akatoka na bunduki yake ya zamani.

"Bwana askari, ngurube ya pori inanimalizia shamba. Banasema weye unalenga na macho yote mbili wazi. Ni kweli?"

"Kweli kabisa, Papa!"

"Yote mbili? Basi, piga kwanza boga moja, tuone."

"Yote mbili! Tena batu basiangalie boga. Baangalie macho yangu!"

Ee, Polycarpe! Nani alikutuma?

Boga likawekwa juu ya mti wa ua. Ng'ombe wakahamishwa mbali, maana watu wa Mushaki si wajinga. Majirani wakajaa, na kwa sababu ni watu wa heshima, wakafanya walivyoambiwa: wote wakaligeuzia boga mgongo, wakamkodolea Polycarpe macho. Mama Emérita, mama ya binti, alileta kiti akaketi karibu na bega lake kabisa, apate kuona vizuri.

Polycarpe akainua bunduki. Macho yakatoka. Akaona maboga mawili! Akatafuta la kweli, hakulijua. Akaita watakatifu wote aliowakumbuka, kidole kikavuta.

PAA!

Alipopata akili alikuwa ameketi chini, na watu wanacheka wameshika mbavu. Akajua amekosa. Akafungua macho, ndiyo, akayafungua, akatazama uani. Mti uko peke yake! Boga limepasuka, na kuku wanagombania mbegu.

"Nimepiga!" akaruka. "Mumeona?"

"Tumeona," Mama Emérita akasema. "Ulifunga yote mbili, sawa mutoto anapewa kinini, dawa ile chungu."

"Lakini boga, Mama!"

"Boga gani? Si ulisema tusiangalie boga?"

Jirani mmoja akasema pengine boga lilianguka lenyewe kwa woga.

Papa Hilaire hakucheka. Aliinua kibuyu, akamrudishia Léonard mikononi. "Ungekosa na macho wazi, leo ningekunywa. Muende muzuri."

Hapo Polycarpe akavua kofia. Machozi yalimtoka mbele ya watu. "Papa, niliogopa. Kule Mubambiro nilikuwa namenya viazi tu. Bunduki nilipiga siku moja, na siku ile pia nilifunga macho."

Sisi tuliomsindikiza kutoka Nyamitaba, tangu tumjue, hatukuwahi kumsikia akisema neno fupi namna ile.

Victorine akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. "Papa, toa lile jani. Huyu bongo yake inaonekana kwa uso, hata mutoto anaiona. Bale bengine benye kunitaka, nani anajua yao iko wapi?"

Papa Hilaire akamtazama binti, akamtazama yule mwanaume na machozi yake. Akavuta jani.

Ndoa ilifungwa baada ya Pasaka, kanisa limejaa mpaka mlangoni. Padri akasema, "Sasa tufunge macho, tuwaombee hawa wawili." Tukainama wote. Kidogo nikasikia kicheko kwenye benchi la mbele, kikaja cha pili, kikaenea. Padri akainua kichwa. Bwana arusi amesimama wima mbele ya altare, macho wazi yote mbili, machozi yanamtiririka, hapepesi hata kidogo.

"Polycarpe," padri akanong'ona, "funga macho!"

"Hapana, Padri," akajibu bila kugeuka. "Mama mukwe iko anaangalia."