Rufaa ya Kobe Aliyesingiziwa Mzio

Igowole, Mufindi
Jumatano

Kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu,

Ndugu Daktari,

Nakusalimu, kamwene. Nakuandikia kwa heshima zote, na nyingine nimeziazima kwa mke wangu Severina, maana zangu zilipungua nilipoisoma karatasi yako. Mimi ni Joachim Mgovano, fundi seremala, yule mwenye kipara uliyemwambia apunguze chumvi. Umeagiza kobe wetu aondoke nyumbani kabla Jumamosi haijaisha, kwa kuwa binti yetu Eveline, mwenye miaka minane, anapiga chafya na kutokwa vipele, na eti kobe, mijusi na jamaa zao nao huweza kuwaletea watoto mzio. Jirani yetu Gwakisa atampakia kobe kwenye lori la viazi hadi Chimala. Eveline naye ameshakunja blanketi lake. Anasema lori lina nafasi ya wawili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umemhukumu mshtakiwa bila kumwona. Kobe huyu, tunayemwita Mwinjilisti kwa sababu huenda nyumba kwa nyumba bila kukata tamaa, hana manyoya wala nywele. Kwa kipara amenizidi hata mimi, na hakuna aliyewahi kupata mzio kwa sababu yangu, ukimtoa mama mkwe.

2. Chafya zilianza Juni. Daktari, Juni hapa Igowole hata ng'ombe hupiga chafya. Ndio mwezi tunaoingiza jiko la mkaa ndani na kuziba mlango kwa gunia, na mimi naranda mbao sebuleni kwa kuogopa baridi. Hayo hukuyauliza. Muuguzi Rozalia alijaribu kunieleza kwamba pengine tatizo si kobe mwenyewe, ni vumbi la maranda anayolalia. Nikamuuliza, mtu akikohoa kwa vumbi la godoro, anayefukuzwa ni godoro au baba anayelilalia? Akaniambia Baba Eveline nenda nyumbani ukapumzike. Nikaenda.

3. Nimefanya utafiti. Nilimpeleka Mwinjilisti shule ya Jumapili, watoto ishirini na sita wakamshika mmoja mmoja. Aliyepiga chafya ni mtoto wa Mzee Abrahamu peke yake, na huyo hupiga chafya kila mahubiri yakipita nusu saa. Mchungaji ameniomba, kwa upole, utafiti unaofuata nikaufanyie kwa Wakatoliki.

4. Hakuna aliyemuuliza kobe. Tangu Eveline aanze kumbeba, anafumba macho, anaficha kichwa, kabichi hataki. Kama hizo si dalili za mzio, nifundishe. Kobe ana mzio wa watoto.

5. Hapa naomba ukae kitini. Siku ya kliniki nilimleta kwako akapimwe. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimemfunga kitenge kwa ajili ya baridi, basi Rozalia kwa mazoea akamning'iniza kwenye mizani kama watoto wengine, akamjazia kadi: kilo nne na nusu, rangi ya kijani. Kwa hiyo katika kumbukumbu zako Mwinjilisti ni mtoto, tena anakua vizuri. Na agizo lako linasema mtoto atengwe na kinachomdhuru. Kwa mujibu wa karatasi yako mwenyewe, anayepaswa kupanda lori ni Eveline. Severina amesoma mpaka hapa, akasema nikithubutu kuandika namba sita nitapanda mimi.

Basi naishia ya tano. Ombi langu ni moja, ufute agizo hilo kabla Gwakisa hajawasha lori. Eveline hana mdogo wala mkubwa. Akirudi shule, wa kumsimulia ya siku nzima ni huyo mmoja.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule mama wa dirisha la dawa anayesema dawa zimekwisha kwa sauti nzuri kuliko kwaya yetu.

Ni mimi, ninayekuheshimu hata tukibishana,
Joachim Mgovano

N.B. Uniwie radhi kwa karatasi kulowa. Nimeandika nikiwa nimempakata Mwinjilisti, na Eveline anasema nimepiga chafya kumi na tisa tangu namba moja. Vipele vimenifika kwenye viwiko. Lakini karatasi yako imetaja watoto tu, nami nina miaka hamsini na moja, kwa hiyo nadhani hainihusu. Ila kama kuna dawa ya kujikuna, mpe Rozalia aniletee, na asimwambie Severina.