Siku Ngamia Alipolala Mbele ya Bwana Harusi

Leo Jumamosi. Vilivyopotea: kioo kimoja cha kushoto, nanasi moja kubwa, na heshima yangu yote kuanzia Bagamoyo mpaka Lugoba.

Naandika mwenyewe kabla hamjaiona video. Maana video ipo. Mama yangu ameshaiona, na mama yangu ana simu ya vitufe.

Kwa msionijua humu kundini: mimi ni fundi wa pampu za visima. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimefundishwa na spana. Kazi yetu haina makao. Kisima kikichimbwa Vigwaza, nahamia Vigwaza. Kikiisha, nafunga mzigo. Leo ilikuwa zamu ya Lugoba. Nyumba yangu nzima inaingia kwenye masanduku mawili ya bati yaliyofungwa ubavuni mwa pikipiki. La kulia lina spana na nguo. La kushoto lina sufuria na jiko la mafuta ya taa. Mkeka unakaa juu. (Mke bado. Sanduku la tatu halijapatikana.)

Pikipiki yenyewe si ya bodaboda. Ni zile kubwa ndefu za wasafiri wanaozunguka dunia. Kaka yangu Shabani aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anakwenda nayo Misri. Mzungu alipofika Chalinze akashikwa na malaria, akaapa kurudi kwao kwa ndege na asiione tena pikipiki hiyo maishani mwake. Kaka akaipa jina la Ngamia, kwa sababu ni mrefu na hubeba kila unachompa. Kaka alikuwa na miguu mirefu. Mimi nina hii niliyopewa.

Kaka alifariki mwaka jana. Figo. (Si pikipiki. Naandika hivyo kwa sababu kila mtu huuliza.) Akaniachia Ngamia, pamoja na maneno haya: "Mdogo wangu, mimi sijawahi kumwangusha hata siku moja. Usije ukanitia aibu." Ubavuni, kwenye chuma cha kukinga injini, kuna mkwaruzo mrefu wa tangu enzi zake. Nilipomuuliza alisema ni mbuzi wa jirani, alipita na pembe.

Nikaamini. Kaka akisema mbuzi, ni mbuzi.

Mama hakutaka niichukue. Baada ya arobaini aliniita, akanikalisha. "Nimezika mmoja," akasema. "Hili dude nakuachia kwa sharti. Siku utakayoliangusha, hata kama umesimama tu, siku hiyo hiyo linakwenda kwa dalali. Umesikia?"

Nilisikia. Miezi kumi na moja sijamwangusha. Siri yangu ni tofali. Popote ninapoegesha mara kwa mara naweka tofali moja, nikifika nalikanyaga kwa mguu wa kushoto, Ngamia anatulia. Lipo nyumbani kwa mama, lipo karakana. Lipo na makaburini.

Makaburini, ndiyo. Kaka amelazwa kwenye makaburi ya ukoo, ndani ndani ya Kiwangwa, mwisho wa mashamba ya mananasi. Kila nikihama napita kwake kwanza. Sina maneno mengi. Natoa salamu, namsomea, namweleza safari hii kisima kiko wapi. Hili sikuwahi kumwambia mtu, hata mama.

Sasa ya leo.

Saa tatu asubuhi nikasimama Kiwangwa barabarani kununua nanasi la kumpelekea mwenye nyumba wangu mpya wa Lugoba. Mtu hahamii kwa watu mikono mitupu. Nikalifunga juu ya mkeka. Ngamia naye ana ugonjwa wake: kitufe kikiganda, indiketa zote nne zinawaka na kuzima kwa pamoja, na haziachi mpaka zitake zenyewe. Leo zikataka kuwaka. Nikaziacha. Ziliniumiza nini?

Ndipo ukatokea msafara wa harusi kutoka upande wa Bagamoyo. Mbele Noah nyeupe yenye maua na utepe, nyuma magari mengine saba, mwisho pikapu ya matarumbeta. Noah ikapiga honi. Nikapunga mkono. (Ukisalimiwa unaitikia.) Dereva akanionyesha dole gumba. Nami nikamwonyesha dole gumba. Nikavaa helmeti, nikaondoka.

Nilichokuwa sijui ni kwamba watu hawa walikuwa wametoka Dar, hawaijui njia, na waliambiwa Kiwangwa watapokewa na pikipiki yenye taa zinazowaka na kuzima, iwaongoze mpaka nyumbani kwa bibi harusi. Mwenye kazi hiyo alikuwa kwa fundi, anaziba pancha.

Wakanifuata.

Mwanzoni nilifurahi. Watu wa Dar kwa kawaida hukupita kama vile wewe ni kichaka. Hawa wana adabu, nikasema. Nikapunguza mwendo wapite. Wakapunguza. Nikawapungia mkono, piteni, piteni. Wakapiga honi zote kwa shangwe. Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Basi nikakata kushoto kuingia njia ya mchanga ya makaburini, nikawatakia heri moyoni. Kwenye kioo (wakati huo bado nilikuwa nacho) nikaiona Noah inakata kona.

Nikawaza, labda bibi harusi ni wa huku. Lakini huku kuna nini? Kuna mananasi. Baada ya mananasi kuna makaburi. Baada ya makaburi njia imekwisha.

Nyuma yangu matarumbeta yakaanza. Vigelegele juu.

Pale ndipo nilipopaswa kusimama niwaambie. Sitadanganya, niliogopa. Ngamia ukimsimamisha ovyo kwenye mchanga analala, na akilala anakwenda kwa dalali. Nikaona bora nifike penye tofali langu, nisimame salama, halafu niwaombe radhi kwa utulivu.

Nikafika. Nikashusha mguu wa kushoto juu ya tofali.

Tofali halikuwepo.

(Nimeliona baadaye. Mtu amelichukua kusimamishia kibao cha kaburi la jirani. Simlaumu. Lilikuwa tofali zuri.)

Afadhali ningeanguka kwa kishindo, ingekwisha mara moja. Ngamia alilala polepole, kama mzee anayeutafuta mto, nami nimemng'ang'ania namwambia "hapana, hapana, hapana," mpaka kioo kikapasuka, nanasi likapasuka, na mimi nikajikuta nimekaa mchangani na sufuria mapajani. Matarumbeta yakakatika. Moja likaendelea peke yake kidogo, halafu nalo likaona haya.

Akashuka mjomba wa bwana harusi, kanzu na koti, karatasi ya ratiba mkononi.

"Kijana, umeumia?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mbona hapa ni makaburini?"

"Ndiyo, mzee. Ni makaburini."

"Na bibi harusi yuko wapi?"

"Simjui, mzee. Mimi nimekuja kwa kaka yangu."

"Kaka yako ni nani kwenye harusi hii?"

"Ni marehemu, mzee. Huyo hapo nyuma yako."

Mjomba aliruka hatua mbili, kanzu na vyote.

Kwenye dirisha la Noah shangazi mmoja akaanza: "Nilisema! Nilisema mimi! Msindikizaji gani wa harusi anabeba mkeka na sufuria?"

"Ungesema mapema, dada," mjomba akamjibu.

"Nilisema tangu lami! Matarumbeta yenu yakanizidi!"

Na binti mmoja, simu juu, akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, samahani, mwanzo sikuupata vizuri. Huwezi kuanguka tena kidogo?"

Bwana harusi mwenyewe akashuka, kijana mwembamba kwenye joho. Alinitazama, akamtazama Ngamia, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Nisamehe ndugu yangu," akasema. "Tangu Tegeta natetemeka. Sasa nimepona." Akakunja mikono ya kanzu. Wanaume wanane wakasema bismillahi, wakamnyanyua Ngamia. Kanzu zao zote nyeupe, zote sasa zina nanasi.

Nikawaomba radhi. Mjomba akanizuia. "Tumeshaingia kwa watu," akasema. "Hatuondoki bila kuwaombea." Wakasimama wote mbele ya kaka yangu, wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Wanawake ndani ya magari wamenyamaza. Wapiga tarumbeta wameyashusha matarumbeta yao chini, kwa adabu.

Kaka alizikwa siku ya mvua kubwa. Tulikuwa watu kumi na wawili. Leo amesomewa na msafara mzima wenye kanzu zilizopigwa pasi.

Nililia kidogo. (Helmeti ina faida zake.)

"Mlikuwa mnakwenda kwa nani?" nikauliza.

"Kwa Mzee Kondo, mwenye mashamba ya mananasi. Shehe anatusubiri, na ana ndoa nyingine mchana."

"Namfahamu. Pampu ya kisima chake niliifunga mimi. Nifuateni."

Safari hii nikawa msindikizaji wa kweli. Shangazi akafunga utepe kwenye usukani wangu, "ili tusichanganye tena." Indiketa zikaendelea kuwaka, sasa zimepata kazi. Nikaingia uwanjani kwa Mzee Kondo na matarumbeta nyuma, kioo kimoja, mchanga mgongoni, kichwa juu.

Kichwa kikashuka mara moja.

Upande wa jikoni wanawake walikuwa wameinamia simu moja, wanacheka. Aliyekuwa katikati, mwiko mkononi, ni mama. Juzi aliaga kwamba anakwenda kwenye shughuli ya Bi Tatu, jirani yetu. Sikuuliza ni wapi, shughuli za mama hazihesabiki. Kumbe bibi harusi ni mjukuu wa Bi Tatu.

Mama akaja. Hakuniangalia. Akamzunguka Ngamia, akapapasa mkwaruzo mpya.

"Limeanguka."

"Limeanguka, mama."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Makaburini ulifuata nini?"

"Kumuaga kaka. Huwa napita kila nikihama."

Nikachomoa ufunguo, nikamnyooshea kwa mikono miwili. "Sharti ni sharti, mama," nikasema. "Naomba tu nishushe mzigo kwanza."

Akaupokea. Akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika, nami nikajua nimemliza mama yangu harusini kwa watu. Akafunua uso. Alikuwa anacheka. Mama hajacheka hivyo tangu tumzike kaka.

"Shabani alikwambia hajawahi kuliangusha?"

"Ndiyo. Ule mkwaruzo wa zamani ni wa mbuzi."

"Mbuzi!" Akageukia jikoni. "Bi Tatu! Njoo umsikie huyu na mbuzi wake!"

Bi Tatu akaja mbio, vitunguu mkononi. "Mbuzi gani tena?"

"Shabani alimwambia mwenziwe kwamba lile dude lilikwaruzwa na mbuzi!"

"Laa! Mbuzi wa wapi?" Bi Tatu akanishika bega. "Baba, lilimlalia uani mara tatu wiki ile ya kwanza. Mara ya tatu likalalia kuku wa mama yako, na mayai yake. Tuliolinyanyua ni mimi na mama yako, Shabani yuko chini anasema bado kidogo atoke mwenyewe."

"Akaninunulia doti ya kanga nisikwambie," mama akasema. Akaivuta ile aliyojitanda. "Ndiyo hii."

Akautazama ufunguo kiganjani. Akaurudisha mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Nenda kazini. Na siku ukirudi, upeleke tofali jingine kwa kaka yako."

Akanipa na hotipoti ya pilau nimpelekee mwenye nyumba, maana nanasi walishalivaa wenye kanzu.

Nikapita Msata, nikafika Lugoba saa kumi. Mwenye nyumba, mzee mpole mwenye miwani, akanipokea, akasaidia kushusha masanduku. Akakiona kile chuma cha kukinga injini.

"Huu mkwaruzo ni mpya. Wa nini?"

Sijui nini kilinipata. Labda kaka. Nikasema, "Mbuzi."

Mzee akautazama utepe wa harusi kwenye usukani. Akafunua hotipoti, akaviona vipande vya nyama ya mbuzi juu ya pilau. Akanitazama juu ya miwani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," nikasema.

"Basi tulipize kisasi." Tukanawa mikono.

Nilivumilia matonge matatu. La nne nikashindwa, nikamweleza ukweli wote, kuanzia tofali. Amepaliwa. Hivi ninavyoandika, mkewe yuko nyuma yake anampiga mgongoni, na kila akipata pumzi anasema "bado kidogo atoke mwenyewe," anapaliwa upya.

Ninyi mkicheka, chekeni mkiwa mmemeza.