Mtoto Mmoja, Jibu Moja

Jumamosi, 3 Mei

Padre katangaza. Jumamosi ijayo atawahoji watoto wa Komunyo ya Kwanza, darasa langu na la Mama Taratibu. Jina hilo nimempa mimi. Miezi mitatu yuko kwenye ishara ya msalaba! Anatandika kitambaa juu ya kiti, anawaambia watoto hiyo ni altare, basi wanacheza Misa. Mimi kitabu kizima nilikimaliza kwa wiki tano. Tatizo dogo tu: leo nimewauliza watoto wangu, hakuna anayekumbuka kitu. Isipokuwa mpwa wangu. Binti huyu wa dada anajua yote, tena ananisahihisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata dawa! Padre ana mazoea yake. Mwaka nenda mwaka rudi maswali ni yaleyale kumi na manne, kwa mpangilio uleule, kuanzia benchi la mbele. Watoto wangu ni kumi na wanne. Basi kila mtoto jibu moja! Wa kwanza "Mungu", wa pili "Saba", wa tatu "Ubatizo", hivyohivyo hadi mwisho. Wameyameza kama maji.

Mpwa wangu ni wa tisa. Akataka kujua itakuwaje wakiulizwa kitu kingine. Nikamwambia jibu lake ni "Saa moja", muda wa kufunga kabla ya Komunyo, na lingine lolote lisimtoke mdomoni. Nilikuwa mkali. Sikuwa na haja ya kuwa mkali.

Dada kamaliza kushona gauni jeupe. Mtoto analivaa kila jioni, anatembea sebuleni kafumba mikono.

Jumamosi, 10 Mei

Aibu gani hii! Mtoto wa pili hakuja, ana homa. Wenzake wakasogea kuziba nafasi. Mimi niko mlangoni namtambia Mama Taratibu, sina habari.

Wa kwanza kajibu vizuri. Aliyefuata akaulizwa sakramenti ni ngapi. Ubatizo, akasema. Nikaelewa: majibu yote yamesogea nafasi moja. Padre akauliza ndani ya tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, yumo nani. Mtoto kasimama wima: shetani na mambo yake yote. Padre akavua miwani. Nikawapungia mikono wanyamaze, wakadhani nataka wapaze sauti.

Akafika kwa mpwa wangu. Akamuuliza kwa upole Ekaristi Takatifu ni nini. Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

"Saa moja," akasema.

Darasa zima lingoje hadi mwakani. Wa Mama Taratibu wamepita wote.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kwa dada kuomba radhi. Gauni limeshakunjwa, liko sandukuni. Dada kasema mwakani halitamtosha, akaendelea kuosha vyombo. Nilitamani anitukane. Nikamuuliza mtoto kwa nini hakusema analolijua.

"Nilijua ni Mwili wa Kristo, Mjomba. Lakini hilo si lilikuwa jibu la mwenzangu?"

Najuta, najuta kweli.

Jumatano, 14 Mei

Nimeungama kwa Padre. Kitubio changu: mwezi mzima nikae darasani kwa Mama Taratibu, benchi moja na watoto wangu. Kisha atawahoji upya, na atakayekuwa tayari hatangoja mwakani. Nililia kama mtoto. Nikaahidi ujanja basi.

Jumamosi, 17 Mei

Benchi ni fupi, magoti yako kidevuni. Mama Taratibu hakunisimanga hata kidogo, na hilo linauma. Katandika kitambaa chake, akamwomba mpwa wangu aweke mshumaa. Mtoto akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Roho ikaniuma upya.

Lakini hebu nijiulize, kosa hasa lilikuwa wapi? Jibu moja! Halikutosha. Kila mtoto akibeba mawili, lake na la anayemtangulia, hata mmoja akiugua hatuharibikiwi. Nilishindwaje kuliona hili?

Nikamnong'oneza mpwa wangu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, Mjomba." Kisha akachukua daftari lake, akahamia benchi la mbele kabisa, miguuni pa Mama Taratibu.

Bado mdogo, haelewi mipango. Nimeanza na huyu wa kulia kwangu.