Hayati Kimbunga Anarudi

Jumatatu, tarehe 4

Shajara, hujambo? Huku sote hatujambo. Mwanangu hajambo, ila hagusi chakula. Mkwe hajambo, anakusalimu. Wajukuu hawajambo, mdogo ana mafua. Shemeji wa buchani hajambo, tumbo linazidi. Na mimi mzima, roho juu tu.

Ukumbi wa mieleka wa mwanangu ndio unaniua. Wiki iliyopita walipigana mbele ya viti vitupu na mama mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Mwanangu kasema Jumamosi wakikosa watu tena, anafunga, anahamia mbali, yeye, mkewe na watoto. Mbali! Nani atanijulia hali?

Nimepata dawa. Watu hawaji kwa wapya, wanakuja kwa waliopotea. Kimbunga arudi! Bingwa wa kinyago cheusi, alistaafu zamani akahamia kwao. Simu haipokelewi. Si neno. Shemeji ana mwili, mimi nina cherehani. Kinyago cha kwanza cha Kimbunga nilikishona mimi. Uzi mweusi uliniishia, nikamalizia sikioni kwa mwekundu.

Jumanne, tarehe 5

Kwa fundi mabango. Nimemwambia aandike HAYATI KIMBUNGA ANARUDI JUMAMOSI. Kaniuliza, mama, una hakika na neno hilo? Hakika kabisa! Redioni wakubwa wote wanaitwa hayati. Kimbunga ni mdogo? Akasema haya, mteja ni wewe. Adhuhuri mabango yalikuwa ukutani. Jirani, mwalimu mstaafu, kasoma, kajishika mdomo. Wivu!

Alhamisi, tarehe 7

Tiketi zimekwisha! Ila foleni ilikuwa ya ajabu. Watu wananong'ona, hakuna anayecheka. Mmoja kaniuliza atakuja amevaa nini. Nikamjibu, nyeusi, kama siku zote. Akarudi nyuma.

Shemeji hajui hata kuanguka. Nimemwangusha uani juu ya godoro mpaka mkwe akasema, mama, utatuulia mtu.

Jumamosi, tarehe 9

Balaa! Shemeji kaingia chooni na kinyago kipya kichwani, kitasa kikakwama. Anagonga, anapiga kelele, shemeji nifungulie! Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Kengele ikalia. Nikajua basi, mwanangu kaondoka.

Taa zikafifia. Mlango wa nyuma ukafunguka. Kimbunga huyo!

Akapiga nguzo ya ulingo kwa kiganja, kama enzi zake. Mpinzani akaenda chini kabla hajaguswa. Kimbunga hakutoka jasho. Hakuhema. Turubai halikulia chini ya miguu yake. Alipopita kwangu akanishika mkono. Baridi, kama nyama ya kwenye friji ya shemeji. Akasema polepole, umeniita, dada, nimekuja.

Sikioni, uzi mwekundu.

Huko chooni shemeji bado anagonga.

Jumapili, tarehe 10

Mwanangu haondoki! Kala sahani mbili. Jumamosi ijayo watu wameshaulizia nafasi.

Mke wa Kimbunga kapiga simu, habari za bango zimemfikia. Analia. Kasema hayati mumewe alikuwa mzima wa afya, akaanguka tu Jumanne adhuhuri. Wakamzika Jumatano na kinyago chake. Maskini! Nimelia naye. Lakini umesikia? Hata mkewe anamwita hayati. Cheo kimeenea! Na mtu wa kazi ni mtu wa kazi: amekufa, na bado ulingoni kafika.

Shemeji kanuna. Anasema kahangaika wiki nzima, kaishia chooni, na jina lake bangoni halipo. Ana haki. Nimempa mkwe ujumbe kwa fundi: HAYATI BUCHA, JUMAMOSI IJAYO. Shemeji kafurahi mpaka meno yote nje. Ila tangu bango libandikwe anaomba blanketi, na jua hili.

Na wewe Kimbunga, kama haya yanakufikia, nisalimie wote huko uliko, mmoja mmoja. Shemeji hana mpinzani. Utaweza? Nijibu upesi, rangi ya bango haijakauka.